Habari za Uuguzi wa Wagonjwa wa Kifua, Tangu Ndara ya Kale Hata Leo

Wazee wetu na wanachama wenzetu, ni desturi ya kijitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, kutenga kurasa chache kwa habari za kale. Mara hii tumeonelea kuandika juu ya uuguzi wa watu waliopatwa na maradhi ya kifua, yaani kifua kikuu, homa ya mapafu, pumu, na kikohozi kiletwacho na vumbi la kazi. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza, ni nyumba chache sana katika nchi yetu ya Taita ambazo hazijapata kukesha na mtu anayekosa pumzi. Ya pili, lipo swali lisilokoma katika mikutano yetu: je, chama kichange fedha ili kujenga wodi ya wagonjwa wa kifua, au fedha hizo zina kazi iliyo bora zaidi? Twaamini kwamba anayefuata habari hizi tangu mwanzo atalipata jibu lake mwenyewe.

Jina la Ndara ndilo waliloandika wasafiri wa karne ya 19 walipoutaja mlima ambao leo twauita Sagalla, usimamao kusini ya mji wa Voi. Johannes Rebmann alipita katika nchi ya Taita mwaka 1848, akienda Uchagani. Mwaka 1883 alifika Joseph Alfred Wray wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, akafanya makao Sagalla. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka mmoja tu kabla yake, tarehe 24 Machi 1882, Daktari Robert Koch alisimama mbele ya wataalamu wenzake katika mji wa Berlin akawaonyesha kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Basi wakati wa Wray ulimwengu ulikuwa umekwisha kumjua adui, lakini silaha ya kumpiga haikuwapo. Mzungu wa Berlin na mzee wa Ndara, alipopatwa na kifua kikuu mmoja wao, hawakutofautiana sana katika dawa. Walitofautiana katika kuuguzwa tu.

Na wazee wetu waliuguza. Nyumba za milimani zilijengwa ili kuhifadhi joto, kwa kuwa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu hushuka mpaka mlangoni na baridi huingia mifupani. Mgonjwa aliwekwa karibu na moto, akapewa uji mwepesi, akainuliwa mgongo apate kupumua, na hakuachwa peke yake usiku. Mambo haya ni uuguzi wa kweli, na hakuna muuguzi wa leo atakayeyadharau. Lakini moto ule ule uliompa mgonjwa joto ulimpa na moshi, na mlango uliofungwa kwa ajili ya baridi ulizuia hewa isibadilike. Sasa twajua kwamba moshi wa kuni ndani ya nyumba huwaongezea watoto wadogo hatari ya homa ya mapafu, na kwamba kijidudu cha kifua kikuu husafiri katika hewa, hasa katika chumba chenye watu wengi na madirisha machache. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotutangulia. Walitenda kwa upendo, na kwa maarifa yaliyokuwapo.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi, na mwaka 1898 ikawa imeufikia mto Tsavo. Watu wa nchi mbalimbali walikutana vituoni na kambini, na maradhi ya hewa yakapata njia pana kuliko zile njia nyembamba za misafara. Vita ya 1914 ilipofika mipakani mwetu, reli nyingine ilitandikwa kutoka Voi kuelekea Taveta, kazi iliyoanza mwaka 1915, na makaburi ya Voi, Maktau na Taveta yashuhudia yaliyotendeka. Lakini waliokufa wengi zaidi katika vita ile walikuwa wapagazi, watu wa Kariakoo, ambao wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa, na homa ya mapafu. Walilala chini penye unyevu, walikula chakula wasichokizoea, na waliokuwa na mtu wa kuwauguza walikuwa wachache.

Vita ilipokuwa inakwisha, mnamo Septemba 1918, homa kuu ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara kwa reli. Iliua katika Afrika ya Mashariki watu maelfu kwa maelfu, na wengi wao walikuwa vijana na watu wazima wenye nguvu. Dawa haikuwapo Mombasa, wala London. Lililokuwapo ni maji ya kunywa, blanketi, kitanda safi, na mkono wa mtu wa kumgeuza mgonjwa. Nyumba ambayo wote waliangushwa kwa siku moja ilikuwa katika hatari kubwa, maana hata aliyekuwa na nafuu hakuwa na wa kumletea maji. Hapa ndipo twapata fundisho la kwanza: dawa isipokuwapo, uuguzi ndio tiba yenyewe.

Sasa tugeuze macho upande wa machweo. Kutoka Taveta twauona mlima Kilimanjaro, na mteremkoni mwake upande wa Tanganyika, mahali paitwapo Kibong'oto, ilifunguliwa mwaka 1926 hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ipo hata leo, na imekuwa hospitali ya taifa ya Tanzania kwa maradhi hayo. Ilianza kwa kufuata mawazo ya Ulaya ya siku zile, kwamba mgonjwa wa kifua apelekwe penye hewa safi ya mlimani, alale, ale vizuri, na kungoja. Mgonjwa alikaa kwa miezi mingi, pengine miaka. Muuguzi alimpima joto la mwili asubuhi na jioni, akampima uzito, akayafungua madirisha, akamwekea kikopo chenye kifuniko cha kutemea kohozi, kisha akaliteketeza kohozi lile. Baadhi walipona kwa njia hii, kwa kuwa mwili uliopumzika na kushiba hupigana. Wengi hawakupona. Na familia iliyomkosa baba kwa muda mrefu hivyo ilipata hasara isiyoandikwa katika daftari la hospitali.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Katika hospitali za Kenya kazi nyingi za kitandani zilifanywa na Waafrika walioitwa madresa, waliofundishwa kazini kufunga vidonda, kupima joto na kugawa dawa. Kwa muda mrefu hawakuwa na cheti chenye heshima sawa na ujuzi wao. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya kuandikisha wauguzi na wakunga, na mwaka 1952 Hospitali ya King George VI ya Nairobi, ambayo baada ya uhuru iliitwa Hospitali ya Kenyatta, ilianza kuwafundisha Waafrika uuguzi wa cheo cha juu cha kuandikishwa. Basi kila tumwonapo binti au kijana wetu amevaa sare ya uuguzi, tukumbuke kwamba mlango ule ulifunguliwa baada ya kubishwa kwa muda mrefu.

Miaka ile ile dawa nazo zilikuja. Mwaka 1943 Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, aliipata streptomaisini, na mwaka 1948 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya kuijaribu kwa utaratibu wa haki, ambao kura ndiyo iliyoamua nani apewe. Furaha ilikuwa kubwa, kisha ikapungua. Wagonjwa wengi waliopewa dawa hiyo peke yake walipata nafuu kwa miezi michache, halafu kijidudu kikaizoea, na ugonjwa ukarudi ukiwa mkali zaidi. Dawa nyingine iitwayo PAS, iliyovumbuliwa na Jörgen Lehmann wa Sweden, iliunganishwa nayo, na mwaka 1952 ikaja isoniazidi, ambayo ni kidonge kidogo cha bei nafuu. Ikafahamika kwamba dawa mbili au tatu kwa pamoja hukizuia kijidudu kuzoea. Lakini ilipasa zimezwe kila siku kwa muda wa mwaka mmoja na nusu.

Hapo kazi ya muuguzi ilibadilika. Streptomaisini ilipigwa sindano, na muuguzi alipaswa kuchemsha vyombo na kumwuliza mgonjwa kama masikio yanavuma au kichwa kinazunguka, maana dawa hiyo huweza kudhuru masikio. PAS ilikuwa nyingi mdomoni, chungu, nayo ilichafua tumbo, hata wagonjwa wengi waliitupa kwa siri. Na kazi iliyo ngumu kuliko zote ilikuwa kumshawishi mtu aliyekwisha kunenepa, asiyekohoa tena, aendelee kumeza dawa kwa mwaka mzima mwingine. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ndivyo ilivyokuwa kwa walioacha njiani.

Vitanda navyo havikutosha. Katika pwani yetu hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ilijulikana kwa miaka mingi kuwa ndiyo ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kule Nairobi palikuwa na Hospitali ya Maradhi ya Kuambukiza, ambayo sasa ni Hospitali ya Mbagathi. Mtu wa Taita aliyelazwa katika mojawapo ya hizo alikuwa mbali na mke, watoto na shamba. Wengi walitoroka, na hakuna haja ya kuwaita wajinga: shamba lisilopaliliwa halingoji ruhusa ya daktari.

Jibu la shida hiyo lilitoka Madras, katika Bara Hindi. Mwaka 1956 ulianzishwa uchunguzi wa kulinganisha wagonjwa waliolazwa hospitalini, penye chakula kizuri na mapumziko, na wengine waliotibiwa nyumbani kwao, katika vyumba vya maskini vilivyojaa watu. Dawa zilikuwa zile zile. Mwaka 1959 matokeo yalipotangazwa, ilionekana kwamba waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Na jamaa zao waliokaa nao hawakuambukizwa zaidi ya jamaa za waliolazwa, kwa sababu dawa hupunguza upesi nguvu ya mgonjwa kuambukiza, na madhara mengi hutokea kabla ugonjwa haujajulikana. Lakini tusilisahau jambo hili: wagonjwa wale hawakuachwa. Wauguzi waliwatembelea majumbani, wengine bila kutoa habari, wakahesabu vidonge na kupima mkojo ili wajue kama dawa imemezwa. Kitanda kiliondolewa, uuguzi haukuondolewa.

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki nazo zilichangia elimu hii, na ni haki yetu kujivunia. Tangu mwisho wa miaka ya 1950, hospitali za Kenya, Tanganyika na Uganda zilishirikiana na Baraza la Uchunguzi wa Tiba la Uingereza kujaribu dawa iitwayo thaisetazoni, rahisi kwa bei, ikiunganishwa na isoniazidi. Muungano huo ulitumika katika nchi nyingi maskini kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1970 ulianza hapa kwetu uchunguzi ulioonyesha kwamba kwa kutumia rifampisini au pirazinamidi pamoja na isoniazidi na streptomaisini, miezi sita yatosha mahali pa miezi kumi na minane. Ulimwengu ulisoma habari hizo mwaka 1972. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa, na wauguzi waliowapa dawa na kuandika madaftari, hawajulikani kwa majina, lakini mgonjwa wa leo atibiwaye kwa miezi sita anawadai shukrani.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na Daktari Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia. Alitaka mambo machache tu, lakini yafanywe bila kukosa: kohozi lichunguzwe kwa hadubini, dawa zisikatike, muuguzi amwone mgonjwa akimeza, na kila robo ya mwaka wahesabiwe waliopona, waliokufa na waliopotea. Shirika la Afya la Ulimwengu liliuchukua utaratibu huu na kuueneza duniani. Kenya ilianzisha mpango wake mwaka 1980, na mwaka 1993 ikaanza kuufuata utaratibu huo wa kusimamia umezaji wa dawa.

Ilikuwa wakati wa haja, kwa kuwa mwaka 1984 ugonjwa wa ukimwi ulitambuliwa Kenya kwa mara ya kwanza. Ukimwi huvunja ukuta wa mwili, na kifua kikuu huingia kwa urahisi, hata wodi zikajaa tena. Ile thaisetazoni ilionekana kuwadhuru vibaya ngozi wenye ukimwi, nayo ikaachwa. Leo matibabu ya kawaida ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali. Mgonjwa huambiwa mapema kwamba mkojo wake utakuwa na rangi ya machungwa, asije akaogopa na kuacha dawa.

Hatutaki msomaji adhani kwamba kifua ni kifua kikuu peke yake. Katika mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta, watu wetu wengi wamefanya kazi penye vumbi la katani, hasa pale nyuzi zinaposuguliwa kwa brashi. Vumbi likivutwa kwa miaka mingi huleta kikohozi na kubana kwa pumzi, na dawa za kifua kikuu haziwezi kuuondoa ugonjwa huo. Mfanyakazi wa namna hiyo apimwe kohozi, aulizwe kazi yake, na apewe kinga ya pua na hewa ya kutosha. Na mwenye pumu afundishwe kutumia dawa yake ya kuvuta, akae mbali na moshi, na akalishwe wima inapombana, wala asilazwe chali.

Watoto nao wana hesabu yao, ambayo kila mama na kila bibi aweza kuijua. Mtoto wa miezi miwili hata kumi na mmoja akikohoa na kupumua mara 50 au zaidi katika dakika moja, au mtoto wa mwaka mmoja hata mitano akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu, naye apelekwe kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Aliye chini ya miezi miwili asingojewe hata kidogo. Nyama za chini ya mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, jambo ni la haraka zaidi. Ugonjwa wa korona ulipofika Kenya mwezi wa Machi 2020, watu wazima nao walijifunza upya thamani ya hewa ya oksijeni, na ya muuguzi ajuaye kumlaza mgonjwa kifudifudi apate pumzi.

Basi turudi kwenye lile swali la wodi. Hatuwapingi wanaotaka majengo. Mwenye hali mbaya ahitaji kitanda na oksijeni, na hospitali ya Wesu kule juu na ile ya Moi hapa Voi zastahili kusaidiwa. Lakini habari tulizozisimulia zaonyesha kwamba mgonjwa wa kifua kikuu huokolewa zaidi na mtu kuliko na ukuta: mtu wa kumsindikiza akapimwe kohozi mapema, wa kumwona akimeza dawa, wa kumpa nauli na unga katika miezi asiyoweza kulima. Twaona fedha za chama zianzie hapo.

Na hapa twaomba radhi kwa wazee, tuseme wazi. Katika nyumba nyingi mzigo wa uuguzi huwekwa juu ya mke au mkwe mmoja, na pengine msichana huondolewa shuleni ili amtazame babu. Wanaume wa ukoo huja kusalimu, kisha huondoka. Kadhalika, mgonjwa hutengewa kikombe na sahani, na watu humkwepa hata baada ya dawa kumwondolea hatari ya kuambukiza, ilhali kifua kikuu hakienei kwa vyombo bali kwa hewa. Aibu hiyo ndiyo imfanyayo mtu afiche kikohozi kwa miezi mitatu, akiwaambukiza wale wale anaowapenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini sisi tunaomwaibisha twamsaidia kuficha.

Twapendekeza, basi, kwamba katika kila kijiji wanachama wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wakubali kuwa wasimamizi wa wagonjwa wa kifua, wakishirikiana na muuguzi wa zahanati iliyo karibu. Mtu yeyote akohoaye kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku au kukonda, wamhimize aende kupimwa, nao waende naye. Watoto wanaoishi naye wachunguzwe pia. Madirisha ya nyumba yake yafunguliwe mchana. Na asiachwe mpaka kidonge cha mwisho cha mwezi wa sita.

Jambo hili halihitaji elimu kubwa wala fedha nyingi. Lahitaji uaminifu wa kila siku, ule ule waliokuwa nao waliokesha kando ya moto katika nyumba za Ndara, wakati ambapo hawakuwa na kitu kingine cha kumpa mgonjwa. Sisi tunayo dawa. Mkutano mkuu ujao utaulizwa majina ya wasimamizi hao, na twaomba kila kijiji kije na yake.